KITABU CHA HESABU NA HATI YA KODI

Maneno haya yawahusu wenye maduka ya vijijini, wanunuzi wa mazao, wenye mashine za kusaga, mafundi cherehani, na kila mtu mwenye biashara ndogo katika Tanzania Bara. Nayo yafaa yasomwe pia na waalimu na wenyeviti wa vijiji, kwa kuwa ndio wanaoendewa na watu hati ya kodi ifikapo na mwenyewe asipoweza kuielewa. Sitaki kueleza kodi zote, maana ni nyingi mno. Nataka kueleza jambo moja tu, nalo ni hili: jinsi sheria inavyompa mfanyabiashara mdogo njia ya kujitetea anapoona ametozwa kupita kiasi, na jinsi njia hiyo isivyomfaa kitu mtu asiyeandika hesabu zake.

Kodi ya zamani haikutaka kitabu. Wadachi walipotangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka 1898, kilichohesabiwa kilikuwa nyumba, na nyumba ya kawaida huko mashamba ilitakiwa rupia 3. Waingereza nao walitunga Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa mwaka 1922. Kodi ya kichwa ilikomeshwa mwaka 1969. Ile iliyokuja baada yake katika miaka ya 1980, iliyoitwa kodi ya maendeleo, ikakomeshwa mwaka 2003. Kodi hizo ziliwatesa watu wengi, na wazee wetu wayakumbuka masaka ya usiku. Lakini ubishi wake ulikuwa mfupi: nyumba ipo au haipo, mtu yupo au hayupo, cheti cha mwaka huu anacho au hana. Kodi ya mapato ya biashara haiko hivyo. Yenyewe yauliza, Je, mwaka huu umeuza kiasi gani? Na mauzo ya mwaka mzima hayaonekani kwa macho kama nyumba ionekanavyo. Lazima yawe yameandikwa mahali, ama sivyo mtu mwingine atayakadiria.

Kwanza yafaa kila mtu ajue msingi wa jambo lote. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 138, yasema kwamba kodi ya namna yo yote haitatozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Basi mtu akikujia dukani akadai fedha, unayo haki ya kumwuliza kwa adabu: Hii ni kodi gani, na ni kwa sheria gani? Ofisa wa kweli hakasirikii swali hilo. Ataonyesha kitambulisho chake, atataja sheria, wala hatapokea fedha mkononi. Atakupa namba maalum ya malipo, ile ambayo watu huiita kontroli namba, nawe utalipa benki au kwa simu na kupata stakabadhi yenye namba hiyo. Fedha iliyotoka mkononi mwako ikaingia mfukoni mwa mtu bila namba na bila stakabadhi si kodi, hata kama mtu huyo amevaa nguo nzuri na kuja na gari.

Sasa tuone jinsi mfanyabiashara mdogo anavyotozwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imemwekea njia nyepesi mtu mmoja mmoja mwenye biashara ndogo, mkazi wa nchi hii. Yeye halazimiki kupiga hesabu ngumu za faida na hasara. Hutozwa kwa kipimo cha mauzo yake ya mwaka. Njia hiyo si ya makampuni. Kampuni, hata ikiwa ni ya ndugu wawili na duka moja, hutozwa kwa faida yake, na kima cha kawaida ni 30 kwa mia. Tena yapaswa kupeleka hesabu zake kila mwaka hata ikiwa haikupata kitu. Nayasema haya kwa sababu wako vijana ambao husajili kampuni kwa ajili ya fahari ya jina tu, halafu hushangaa wakiletewa adhabu ya kutopeleka hesabu.

Kwa vima vilivyopangwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi Shs. 4,000,000/- kwa mwaka hakutakiwa kodi hiyo. Aliyezidi hapo, mpaka Shs. 7,000,000/-, kama hakuweka hesabu alitakiwa Shs. 100,000/-, kama aliweka, alitakiwa 3 kwa mia ya kile tu kilichozidi milioni nne. Aliyezidi milioni saba, mpaka milioni 11, bila hesabu alitakiwa Shs. 250,000/-, na mwenye hesabu alitakiwa Shs. 90,000/- pamoja na 3 kwa mia ya kilichozidi milioni saba. Vima hivi vyaweza kubadilishwa kila mwaka ifikapo tarehe 1 Julai, Sheria ya Fedha mpya inapoanza, basi ni vema kuuliza ofisini kabla ya kulipa.

Watu wengi wanaposikia habari ya milioni husema, Mimi si wa huko. Tupige hesabu. Duka linalouza Shs. 12,500/- kwa siku, likifunguliwa siku 320, limeuza Shs. 4,000,000/- kamili. Duka linalouza Shs. 18,500/- kwa siku, kwa siku hizo hizo, limeuza Shs. 5,920,000/-. Hayo si maduka ya matajiri. Ni maduka ya chumvi, sabuni, kiberiti na mafuta ya kupima kwa kijiko. Na wale waliopewa vitambulisho vya wajasiriamali tangu mwishoni mwa mwaka 2018, kwa Shs. 20,000/-, yafaa wajue kwamba vitambulisho vile viliwahusu wenye mauzo yasiyozidi hiyo milioni nne. Kitambulisho hakikumkinga mtu aliyeipita.

Sasa tumtazame mwenye duka aliyeuza Shs. 6,000,000/- kwa mwaka. Akiwa na kitabu, kwa vima vile, kodi yake ni 3 kwa mia ya Shs. 2,000,000/-, yaani Shs. 60,000/-. Asipokuwa na kitabu, Shs. 100,000/-. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza, nayo ni Shs. 40,000/-. Lakini iko hasara ya pili iliyo kubwa kuliko hiyo. Asiye na kitabu hawezi kuthibitisha kwamba aliuza milioni sita. Ofisa akija huona rafu zimejaa, kwa kuwa labda amekuja siku mbili baada ya mzigo kushushwa. Huuliza kodi ya pango na idadi ya wasaidizi. Kisha huuliza hivi:

“Bwana, mauzo yako ya mwaka ni kiasi gani?”

“Mheshimiwa, biashara ni mbaya sana mwaka huu.”

“Mbaya kiasi gani?”

“Mbaya tu, mzee. Twahangaika.”

Kwa majibu kama hayo ofisa atafanya nini? Atakadiria. Na akikadiria milioni nane, mwenye duka ameingia katika kundi la Shs. 250,000/-. Yule ambaye angelipa Shs. 60,000/- sasa atakiwa kulipa mara nne na zaidi, wala hakuna mtu aliyemwonea kwa kusudi. Shs. 190,000/- zilizozidi ni mtaji wa kuleta mzigo mwingine, na kwa duka dogo mzigo mmoja ukikosekana rafu hukaa tupu mwezi mzima, na wateja huzoea njia ya kwenda kwa jirani.

Kitabu chenyewe si kazi ya mtu aliyesoma sana. Daftari ya shule ya kurasa mia yatosha kuanzia. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, andika tarehe, jumla ya mauzo ya siku, vitu ulivyonunua na bei yake, na gharama kama nauli, pango na umeme. Mikopo ya wateja iandikwe ukurasa wake peke yake, na siku mtu anapolipa deni uiandike kuwa malipo ya deni, usije ukaihesabu mara mbili. Sukari iliyochukuliwa na watu wa nyumbani iandikwe pia; wengi huiacha, halafu kitabu hakipatani na mzigo, na ofisa akiona kitabu hakipatani hukitilia shaka chote. Kitabu kilichoandikwa kwa siku moja, kwa kalamu moja, kwa habari za mwaka mzima, hutambulikana mara moja. Heri kitabu chenye madoa ya mafuta ya taa na mistari iliyokatwa kuliko kitabu safi kilichotungwa usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi.

Pamoja na kitabu weka risiti za manunuzi yako. Mashine za risiti za kodi zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na karatasi zake zina shida moja ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa: maandishi yake hufifia, hasa yakiwekwa juani au karibu na joto. Risiti ya mzigo mkubwa itolewe nakala au ipigwe picha siku ile ile. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yamtaka mtu atunze kumbukumbu zake miaka mitano. Karatasi nyeupe isiyo na neno haitamsaidia mtu mwaka wa nne. Tena sheria hiyo yamshika muuzaji asiyetoa risiti na mnunuzi asiyeidai, wote wawili. Huko Kenya wameizidisha kanuni hiyo: tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara iliyopita katika mtambo wa Mamlaka ya Mapato haikubaliwi kupunguzwa katika hesabu ya kodi, ila kwa vitu vichache vilivyosamehewa. Mfanyabiashara wa Namanga au Holili anayeuza pande zote mbili hana budi kulijua jambo hili.

Niseme kidogo juu ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa sababu wengi huichanganya na kodi ya mapato. Hii ilianza kutozwa nchini mwaka 1998. Kima chake cha kawaida Bara ni 18 kwa mia: kitu cha Shs. 100,000/- huuzwa Shs. 118,000/-, na zile Shs. 18,000/- si mali ya mwenye duka hata siku moja. Ni mali ya Serikali iliyopitia mkononi mwake. Tangu tarehe 1 Julai 2023 wanaolazimika kujiandikisha ni wenye mauzo ya Shs. 200,000,000/- kwa mwaka; kabla ya hapo ilikuwa milioni mia. Kwa hiyo duka dogo la kijijini halihusiki, wala halina ruhusa ya kumwongezea mteja 18 kwa mia. Mwenye duka asiyeandikishwa akiongeza fedha hiyo anatoza kodi isiyo yake.

Wakulima nao wana lao. Ushuru wa mazao wa halmashauri ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka 5 kwa mia, ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaopelekwa wilaya nyingine ukaachiliwa. Mtu aliyesimamishwa kizuizini na magunia matatu ya mahindi na aulize maswali yale yale: ushuru gani, kwa sheria gani, na stakabadhi iko wapi.

Narudi katika jambo kuu. Tuseme hati ya makadirio imefika, nawe waona imezidi. Wengi hufanya mambo mawili. Wengine huitia hati katika sanduku na kungoja, kama kwamba itachoka yenyewe. Wengine huenda ofisini kulalamika kwa mdomo, wakarudi wakidhani wameisha kujitetea. Yote mawili hayafai. Sheria yataka pingamizi kwa maandishi, lipelekwe kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato katika siku 30 tangu siku ulipopewa hati, likitaja sababu. Basi siku unapoipokea, andika tarehe juu yake kwa mkono wako, na ukitia sahihi katika kitabu cha aliyeleta andika tarehe huko pia. Nimeona hati nyingi zisizo na tarehe ya kupokelewa, na mwenyewe akiulizwa asema, Ilikuwa wakati wa palizi. Palizi si tarehe.

Pingamizi lenyewe si barua ya kuomba huruma. Kusema “mimi ni maskini, nina watoto sita” si sababu ya kisheria, ingawa ni kweli na inasikitisha. Sababu ni kama hii: Hati yasema nimeuza Shs. 8,000,000/-, kitabu changu, ambacho nakala yake naleta, chaonyesha Shs. 6,000,000/-, mauzo yalipungua katika miezi ya Februari na Machi kwa kuwa barabara ilikatika na mzigo haukufika, risiti za manunuzi ni hizi. Maneno ya namna hiyo yajibiwa kwa hesabu.

Liko sharti lingine ambalo limewaangusha watu wengi, hata wenye haki. Pingamizi halipokelewi mpaka umelipa sehemu: ama ile kodi usiyoibishia, ama theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, yo yote iliyo kubwa. Mfano: umekadiriwa Shs. 900,000/-, nawe wakubali Shs. 250,000/- tu. Theluthi ya 900,000 ni 300,000. Basi utalipa Shs. 300,000/-, kwa kuwa ndiyo kubwa. Ungekubali Shs. 400,000/-, ungelipa hiyo 400,000. Kwa maoni yangu sharti hili ni zito kwa mwenye mtaji mdogo, maana theluthi ya kadirio lililokosewa yaweza kuwa kubwa kuliko kodi yote ya haki. Lakini ndiyo sheria, na sheria hiyo hiyo yamruhusu Kamishna kupunguza au kusamehe malipo hayo mtu akiomba kwa maandishi na kuonyesha sababu nzuri. Vivyo hivyo aliyekuwa mgonjwa au nje ya nchi aweza kuomba aongezewe muda. Maombi hayo yapelekwe ndani ya zile siku 30, si baada yake. Asiyelipa wala kuomba, makadirio yake husimama kama yalivyo.

Hapa ndipo nionapo tofauti kati ya shauri la wote na shauri la mtu mmoja. Mwezi wa Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka kwa ajili ya malalamiko ya kodi na ukaguzi, na Waziri Mkuu akakutana nao Mnazi Mmoja. Mwezi wa Juni 2024 walifunga tena, na mwaka ule ule Rais akaunda tume ya kutazama mambo ya kodi. Kwa njia hiyo sheria na desturi za kazi zaweza kubadilishwa. Lakini siku ambazo maduka yalikuwa yamefungwa, siku 30 za kila mwenye hati ziliendelea kuhesabiwa. Mtu aliyekuwa uwanjani akishangilia hotuba, na hati yake imo katika mfuko wa koti, alipoteza siku zake kama yule aliyelala.

Kamishna akiisha kupokea pingamizi apaswa kutoa uamuzi katika miezi sita. Asiporidhika mlipa kodi, au miezi hiyo ikipita bila jibu, aweza kwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Na huko ndiko kitabu kinakoonekana thamani yake, kwa maana Sheria ya Rufani za Kodi imeweka mzigo wa kuthibitisha juu ya yule anayelalamika. Watu hudhani kwamba Mamlaka ndiyo itakayotakiwa kuthibitisha mauzo ya milioni nane. Sivyo. Mwenye duka ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hayakuwa milioni nane. Akija na kitabu, risiti, na hati yenye tarehe, ana la kusema. Akija na mashahidi wa kusema kwamba yeye ni mtu mwema asiyedhulumu, Bodi itawasikiliza, na makadirio yatabaki pale pale.

Juu ya Bodi liko Baraza la Rufani za Kodi, na juu ya Baraza iko Mahakama ya Rufani. Lakini rufani ya kodi inayofika katika Mahakama hiyo ni ya mambo ya sheria tu. Majaji hawatahesabu upya mifuko ya unga iliyouzwa, wala hawatafungua daftari iliyoachwa nyumbani siku Bodi ilipokuwa ikisikiliza shauri.